Jinsi ya Kumfungia Mzee wa Dizeli Feni ya Umeme

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA inapotangaza bei mpya za mafuta, kuna mwenye pikapu mahali fulani kati ya Sagana na Meru anayefungua boneti, akaikodolea macho feni inayozungushwa na injini, na kuamua kwamba mwizi wa dizeli yake ndiye huyo. Wiki haiishi kabla hajakutana na mtu mwenye feni ya Probox kwenye gunia. Kesho yake feni ya zamani imelala kwenye nyasi, ya Probox imebanwa kwenye rejeta kwa kamba za plastiki, na waya mmoja umetoka kwenye betri hadi swichi ya taa ya nyumba iliyobandikwa chini ya usukani. Jioni gari linavutwa kwa mnyororo kutoka Karatina, na abiria wanasukuma.

Mwongozo huu unataka mnyororo huo ubaki kwenye buti. Feni ya umeme kwenye gari kuukuu la dizeli inawezekana, inafaa kwa magari mengi, na fundi yeyote makini wa Nyeri, Nanyuki au Chuka anaweza kuifunga kwa siku moja. Ila kazi hii ina utaratibu, na kila hatua inayorukwa hulipwa na hedi ya injini. Ufuate kama ulivyo.

Gari lenyewe nitaliita mzee. Hilux yenye injini ya 2L au 3L, Isuzu yenye 4JA1, Peugeot 504 ya dizeli, Land Cruiser ya 1HZ: haya ni magari yaliyobeba majani chai, maziwa, maharusi na majeneza, yakalipa karo ya nyumba nzima. Yanastahili adabu ya mzee wa boma, na adabu ya kwanza kwa mzee ni kumuuliza anaumwa wapi kabla ya kumnunulia dawa.

Hatua ya 1: Mpime kwanza

Kama unataka feni ya umeme kwa sababu gari linachemsha, weka spana chini. Gari linalochemsha lina ugonjwa, na feni haitibu. Feni hupitisha hewa kwenye rejeta, basi. Ukimfungia mgonjwa feni mpya, utakuwa na mgonjwa yule yule anayepepewa.

Anza na mfuniko wa rejeta, kwa sababu hapa mlimani ndio unaobeba mzigo mkubwa kuliko unavyodhani. Maji hayachemki kwa nyuzi 100 kila mahali. Kwa kila mita 300 hivi unazopanda, kiwango cha kuchemka hushuka kwa karibu nyuzi 1. Mjini Nyeri, kwenye kama mita 1,800, maji ya wazi huchemka yakifika takriban nyuzi 94. Ukipanda Timau, ni chini ya hapo. Mfuniko mzima wenye alama ya 0.9 huongeza shinikizo ndani ya rejeta hadi maji ya Nyeri yasichemke mpaka karibu nyuzi 115. Mpira wa mfuniko ukichakaa, umepoteza nyuzi 20 nzima za usalama, na hakuna feni duniani itakayozirudisha. Mfuniko mpya ni kipuri cha bei ndogo. Nunua wenye shinikizo lile lile la asili, na usiufungue wa zamani injini ikiwa moto. Mvuke hauulizi cheo cha mtu.

Kisha tazama rejeta kwa nje. Magari yanayozunguka Laikipia, Naro Moru na Kieni hukusanya mbegu za nyasi, vumbi na wadudu kati ya mapezi mpaka hewa inakosa njia. Osha kwa maji yenye nguvu kidogo, ukitokea upande wa injini kuelekea mbele, ili uchafu utoke kule ulikoingilia. Presha ya kuoshea malori hukunja mapezi, kwa hiyo iache kwa malori. Kwa ndani, gari likiwa limezimwa na kupoa kiasi, papasa rejeta taratibu: sehemu iliyobaki baridi kabisa wakati nyingine zina joto ina mirija iliyoziba. Rejeta ya shaba inaweza kufunguliwa, kuzibuliwa na kuchomelewa tena. Yenye vichwa vya plastiki mara nyingi ni ya kubadilisha.

Angalia mkanda wa pampu ya maji kama umelegea. Angalia mpira wa chini wa rejeta mtu akiipandisha injini mwendo: ukijinyonya na kujibana, maji hayapiti. Anza injini ikiwa baridi na mfuniko ukiwa wazi, utazame maji: mapovu yasiyoisha, au mipira inayokakamaa dakika moja tu baada ya kuwasha, ni dalili ya gaskiti ya hedi au hedi yenye ufa. Injini ya 2L, hasa ile yenye tabo, ina sifa mbaya ya kupasuka hedi, na huwa inaonya kabla haijafa.

Uliza pia kuhusu thamostati. Mafundi wengi wa kwetu huitoa na kuitupa kama kipuri kilichowekwa na adui. Injini ya dizeli isiyo na thamostati huchelewa kupata joto asubuhi za Julai, hutoa moshi, hula mafuta zaidi na kujisaga. Kwenye injini ambazo thamostati yake ina mlango wa pili wa kuziba njia ya mkato, kuitoa huacha njia hiyo wazi, maji yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi kuliko awali. Rudisha thamostati. Tutaihitaji katika hatua ya 5, kwa kuwa swichi ya feni hupangwa kufuata nyuzi zake.

Mwisho, tazama moshi. Moshi mweusi mzito kwenye mlima humaanisha mara nyingi kwamba mtu alikaza skurubu ya pampu ya dizeli ili gari lipate nguvu. Mafuta yale ya ziada ni joto la ziada, na rejeta haikuandaliwa kulipokea.

Mzee akifaulu vipimo vyote, endelea. Akifeli kimoja, pesa ya feni itumie pale alipofeli.

Hatua ya 2: Amua kama anafaa

Gari likipita kilomita 50 au 60 kwa saa, hewa ya mwendo yenyewe inatosha kupoza rejeta. Feni inahitajika gari likienda polepole au likisimama: foleni ya soko la Karatina, gia ya kwanza kwenye njia ya shamba, au mlima ukiwa na mzigo. Sasa, injini ya dizeli ikinguruma tu bila kazi hutoa joto kidogo, kidogo kuliko ya petroli. Mchana mzima mzee anaweza kuhitaji feni kwa dakika chache tu. Feni ya injini isiyo na klachi, hata hivyo, huzunguka mchana kutwa, na nguvu inayokula hupanda haraka sana: mwendo wa feni ukiongezeka mara mbili, nguvu inayohitajika huongezeka mara nane. Huko ndiko dizeli inakopotelea, kwenye barabara kuu, mahali ambapo feni haina kazi yoyote.

Hoja hii ni ya zamani. Peugeot ilikwisha kuisikia: 404, iliyotoka mwaka 1960, na 504 iliyotoka mwaka 1968, zilijulikana kwa feni yenye klachi ya sumaku ya umeme, inayoshika maji yakipata moto na kuachia yakipoa. Ndizo gari zilizoshinda mashindano ya Safari Rally, 404 katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 mwaka 1975 na 1978, kwenye matope na vumbi la barabara hizi zetu. Kwa hiyo, kama 504 yako bado ina klachi hiyo, tafuta kwanza kwa nini haishiki. Mara nyingi ni brashi iliyoisha, waya uliokatika au swichi ya joto iliyokufa. Ukiirudisha kazini umemaliza, na huna haja ya kuendelea kusoma.

Vivyo hivyo kwa Hilux na Isuzu zenye klachi ya mafuta mazito ya silikoni katikati ya feni. Zima injini ikiwa moto na funguo mkononi mwako, kisha izungushe feni kwa mkono. Ikikataa kidogo na kusimama, ni nzima. Ikizunguka huru mizunguko mingi, imevuja na kufa. Ikiwa imeganda kama chuma kimoja, inakula nguvu siku nzima. Klachi nzima ni mashine nzuri: hupumzika barabara ikiwa wazi, na hushika mlima ukianza.

Sasa neno ambalo wauza feni hawalisemi. Mzee anayeshusha viazi vya Kibirichia au vitunguu vya Kieni kila wiki, amejaa hadi springi zimekaa, akipanda mlima kwa gia ya pili na injini ikinguruma, anahitaji hewa nyingi kuliko feni moja ya gari dogo inavyoweza kuvuta. Kumbuka pia kwamba hewa ya Nyeri ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 15. Feni ile ile ikizunguka kwa kasi ile ile huku juu inasukuma hewa pungufu. Kwa mzee wa namna hiyo, nunua klachi nzima ya feni ya injini na umwache afanye kazi. Feni ya umeme inamfaa anayebeba abiria na mizigo myepesi, anayekimbia barabara kuu zaidi ya kupanda njia za shamba, anayechelewa kupata joto asubuhi, na Land Rover inayovuka mito, ambayo inahitaji kusimamisha feni kabla haijapiga maji na kujikunja hadi kuuma rejeta.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya umeme

Feni ya gari dogo hula kati ya ampea 10 na 15. Kubwa hufika 20 hadi 30, na wakati wa kuanza huvuta mara mbili au zaidi kwa nukta chache. Weka hesabu hiyo kando ya altaneta ya mzee. Nyingi za zamani hutoa ampea 40 hadi 60, tena injini ikiwa na mwendo. Ikinguruma tu, tegemea kama nusu.

Sasa fikiria usiku wa mvua, umesimama kwenye foleni. Taa kubwa mbili za wati 55 zinakula ampea 9 hivi. Taa za nyuma, vifuta kioo, feni ya kuondoa ukungu kwenye kioo na redio ya mhubiri vinamaliza nyingine kumi na tano. Feni ya ampea 25 ikiwaka hapo, betri ndiyo inayolipa tofauti. Asubuhi mzee hatageuka, kwa sababu hita plagi zake nazo zinataka makumi ya ampea kabla hajakohoa.

Kwa hiyo pima. Mita ya umeme ya bei nafuu inatosha: washa kila kitu pamoja na feni, injini ikinguruma, kisha pima kwenye betri. Volti 13.5 na kuendelea ni salama. Chini ya 12.6, mzee anatumia akiba yake. Ukiamua kubadilisha altaneta, tazama nyuma yake kabla ya kwenda dukani. Kwenye dizeli nyingi za Toyota na Isuzu, nyuma ya altaneta kuna pampu ya upepo inayosaidia breki, ikiwa na paipu zake za oili. Altaneta ya gari la petroli itakupa umeme mwingi na kukunyima breki nyepesi, na mteremko wa kwenda daraja la Nithi si mahali pa kugundua jambo hilo.

Thibitisha pia volti za gari zima. Malori na baadhi ya Land Cruiser za zamani hutumia volti 24. Feni ya volti 12 ikipewa 24 hupiga kelele, kisha hunyamaza moja kwa moja.

Hatua ya 4: Tafuta feni

Magari madogo ya Kijapani yenye injini iliyolala kimkingamo yote yana feni za umeme, kwa hiyo maduka ya vipuri vilivyotumika yamejaa. Usinunue kwa macho. Nenda na kipimo cha rejeta yako, kimo na upana, na kipimo cha nafasi kati ya rejeta na ncha ya pampu ya maji baada ya feni ya zamani kutolewa. Feni nene isiyoacha pengo la vidole viwili itaguswa na injini siku utakapoingia shimo.

Nunua feni pamoja na kava lake la plastiki. Kava ndilo linalolazimisha hewa ipite kwenye rejeta nzima. Feni uchi huvuta hewa pale tu ilipo, na robo tatu ya rejeta inabaki inatazama. Kava linalofunika sehemu kubwa ya rejeta, au feni mbili ndani ya kava moja, ndilo la kutafuta.

Muuzaji aijaribu mbele yako kwa betri. Isikilize: mlio wa kukwaruza ni wa bushi zilizokwisha. Shika ncha ya bapa uitikise, ikicheza, irudishe. Muuzaji akikwambia, "Hiyo itakaa tu, mkubwa," mshukuru, mtakie siku njema, na uende kibanda cha pili.

Hatua ya 5: Chagua swichi ya joto

Hapa ndipo kazi nyingi za mlimani zinapoharibika. Swichi ya joto hupigwa chapa ya namba mbili, mathalani 95–90: inawasha feni kwa nyuzi 95 na kuizima kwa 90. Thamostati ya dizeli nyingi huanza kufunguka kwa nyuzi 82, nyingine 88. Ukiweka swichi kwenye paipu ya juu ya rejeta, ambako maji ya moto hutokea, namba ya kuzimia lazima iwe juu ya nyuzi za thamostati. La sivyo feni haitazima kamwe, maana thamostati inafanya bidii kubakiza joto lile lile ambalo feni inapigana nalo. Ukiiweka chini ya rejeta, ambako maji yameshapoa, chagua swichi ya namba za chini zaidi.

Swichi iguse maji. Fundi wa chuma anaweza kukuchongea kiungo cha shaba chenye uzi wa kukaza swichi, kikatiwe kwenye paipu ya juu na kubanwa kwa klipu mbili. Ule waya mwembamba wa kupima joto unaochomekwa kati ya mapezi ya rejeta unapima hewa, na hewa huchelewa kuleta habari. Mapezi nayo hutoboka.

Sikiliza jambo hili ukiwa Nyeri. Desturi ni kujaribu swichi ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Maji ya Nyeri yanachemka kwa nyuzi 94. Swichi ya 95 haitawaka ndani ya sufuria hiyo hata ukichochea moto hadi jioni, na swichi nzima itatupwa kwa kudhaniwa imekufa. Tumia mafuta kidogo ya kupikia kwenye jiko la nje, pamoja na kipimajoto, na mita ya umeme kwenye miguu ya swichi. Watoto wakae mbali.

Hatua ya 6: Funga na unganisha

Toa mguu hasi wa betri kwanza. Toa feni ya injini, kisha tazama bolti zake: kwenye magari mengi bolti hizo hizo ndizo zinazoshika puli ya pampu ya maji, na bila unene wa feni zitakuwa ndefu mno. Weka washa au bolti fupi, puli ikaze sawasawa. Hifadhi feni ya zamani pamoja na kila nati yake.

Feni mpya ifungwe kwenye fremu ya rejeta kwa vyuma bapa vilivyokatwa na kutobolewa kwa kipimo, na mpira mwembamba katikati ili mtetemo usihamie kwenye rejeta. Kamba za plastiki zinazopitishwa katikati ya mapezi hukata mirija polepole, kila shimo la barabara likiongeza jino la msumeno.

Kwenye umeme kuna njia mbili, na usizichanganye. Njia nene ni ya kazi: kutoka mguu chanya wa betri, kupitia fyuzi iliyo karibu na betri yenyewe, hadi mguu namba 30 wa rilei, kutoka mguu 87 hadi feni, kutoka feni hadi bodi, mahali palipokwanguliwa rangi, au moja kwa moja hadi mguu hasi wa betri. Kwa feni ya ampea 20 tumia waya wa milimita mraba 4. Kwa ya 30, wa 6. Fyuzi iwe kubwa kidogo kuliko kile feni inachokula, na isizidi kile waya unachoweza kubeba.

Njia nyembamba ni ya amri: kutoka waya unaopata umeme funguo ikiwashwa, kupitia fyuzi ndogo, hadi mguu 86 wa rilei; kutoka mguu 85 hadi swichi ya joto; kutoka swichi hadi bodi. Rejeta yenye vichwa vya plastiki haipitishi umeme kwenye bodi, kwa hiyo tumia swichi ya miguu miwili. Rilei ikiwa na mguu 87a, uache wazi. Rilei ikae juu, mbali na maji ya barabara, miguu ikitazama chini.

Ongeza vitu viwili kwa ajili ya dereva. Kwanza, swichi ya dashibodi inayowasha feni kwa nguvu iwapo swichi ya joto itakufa safarini. Pili, taa ndogo inayowaka feni inapopata umeme. Wanaovuka mito waongeze swichi ya kuizima, yenye alama inayoonekana, na waizoee kuirudisha.

Kabla ya kufunga boneti, jaribu mwelekeo. Washa feni na uweke karatasi mbele ya rejeta. Karatasi ikinaswa, hewa inaingia ndani kama inavyopaswa. Ikirushwa, umegeuza waya na feni inapigana na mwendo wa gari. Rekebisha sasa hivi.

Hatua ya 7: Marufuku bila rufaa

Hakuna waya wa dairekti kutoka betri hadi feni bila fyuzi. Waya huo ukichubuka na kugusa bodi, betri nzima inamwagikia hapo, na karibu yake kuna paipu za dizeli.

Hakuna swichi ya taa ya nyumba. Ilitengenezewa balbu, na feni itaiyeyusha.

Hakuna kupitisha umeme wa feni ndani ya swichi ya joto yenyewe bila rilei. Miguu yake huungua na kushikana, na feni haitazima tena.

Hakuna kuweka mkono kwenye feni betri ikiwa imeunganishwa. Feni ya umeme haina taarifa kwamba umeinama.

Hakuna kujaza maji ya mto. Weka kulanti, nusu kwa nusu na maji safi: inapandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kadhaa na kuzuia kutu inayoziba ile mirija uliyolipia kuzibuliwa.

Hatua ya 8: Mtihani

Anza nyumbani. Asubuhi ya Julai mjini Nyeri, dizeli inayonguruma tu inaweza kukaa nusu saa bila kufikisha joto la feni, na hapo watu hukata tamaa na kukata waya. Shikilia injini kwenye mizunguko 1,500 hivi na uweke boksi bapa mbele ya rejeta. Jicho libaki kwenye geji ya joto. Feni ikiwaka, toa boksi, subiri izime. Rudia.

Kisha barabara. Kutoka Sagana kwenda Karatina unapanda zaidi ya mita 500, na malori bado yanatambaa hata baada ya barabara kupanuliwa. Wa Chuka na Meru wana mabonde ya Thuchi, Nithi na Mutonga, ambako unashuka injini ikipoa na kupanda mara moja ikipata moto. Hakuna mtihani ulio bora zaidi. Wa Nanyuki wapande Timau. Nenda mara ya kwanza bila mzigo, mara ya pili na nusu, mara ya tatu na mzigo wako wa kawaida. Geji ikipanda na kutulia, vizuri. Ikiendelea kupanda feni ikiwa imewaka, simama kando, acha injini ingurume bila kuizima ghafla, na ukubali jibu: hewa haitoshi. Ndiyo maana katika mwezi wa kwanza feni ya zamani na bolti zake hukaa chini ya kiti.

Fundi naye afanye mtihani huo pamoja nawe. Mlipe nusu siku ya kufunga, na nusu iliyobaki umlipe feni ikishawaka na kuzima yenyewe mbele yenu, na mlima mmoja umepandwa akiwa kwenye kiti cha abiria. Fundi mzuri ataingia garini bila kusitasita, kwa sababu naye anajua kwamba familia nzima inakula kutokana na mzee huyu, na rilei, fyuzi na mita chache za waya mnene ni gharama ndogo sana ukiilinganisha na hedi mpya.